Nyambura Alikuwa Ametujibu Kitambo

Kabla hamjaniuliza nilisomea wapi kazi ya kufundisha watoto wenye mahitaji maalum, niwaambie mapema: sikuisomea. Chuoni nilifunzwa kufundisha madarasa ya chini, na nilipofika Kawangware mwanzoni mwa miaka ya sabini nilijua kuimbisha hesabu, kupanga daftari na kunyamazisha darasa zima kwa jicho moja. Kiboko pia nilikuwa nacho, sitawadanganya. Hayo mengine mnayoniita niwaeleze nilifunzwa na msichana wa miaka tisa na fundi wa viti wa Kibera, na wote wawili walinifunza kwa kunionyesha nilivyokuwa nikikosea.

Nilipanga chumba kwa mzee mmoja mwenye ploti, aliyeitwa Baba Kimani kwa jina la kifungua mimba wake. Familia yake ilikuwa Kawangware tangu mahali hapo pakiwa mashamba ya mahindi. Vyumba vyake vilikuwa vya mbao na mabati, vimezunguka uwanja mmoja, na changu kilipakana na jiko la mkewe. Saa kumi na nusu jioni, nikishatoka shule, watoto wa wapangaji walikuja kibarazani kwangu na vibao vyao vya kuandikia, nami nikawa nawapa tuisheni.

Kila tulipofika kwenye hesabu, sauti ilitoka nyuma ya ule ukuta wa jiko. Sauti nzito, ya kuvutwa, kama ya mtu anayejaribu kuamka usingizini. Watoto walicheka.

"Ni Nyambura, mwalimu. Hana akili."

Nikaambiwa basi kwamba mwenye ploti ana mtoto wa mwisho ambaye hatembei wala hasemi. Mimi niliyekuwa nimeishi pale miezi minne sikuwa nimewahi kumwona. Nikawaambia watoto waache kucheka, tukaendelea. Hivyo tu. Nilimfundisha Nyambura miezi minne bila kujua, na kila jioni nikimwombea anyamaze.

Siku moja niliuliza, "Saba mara nane?" Watoto wakakodoa macho. Hakuna aliyejua. Katika kile kimya ile sauti ikatoka nyuma ya ukuta: "Aa-ii-ii... aa... ii-aa."

Chaki ikabaki hewani. Semeni wenyewe polepole: hamsini na sita. Ondoeni konsonanti zote, mbaki na irabu peke yake. Mnasikia?

Nikajiambia ni bahati. Nikauliza tena, kwa sauti ya juu, nikiwa nimeelekea ukuta badala ya watoto. "Sita mara saba?"

"Aa-oo-aa-ii-ii... aa... ii-ii."

Arobaini na mbili.

Nilizunguka nyuma nikaingia jikoni bila hata kubisha. Mama Kimani alikuwa akichambua majani ya sukuma wiki. Kando yake, juu ya godoro la magunia, alilala msichana mwembamba, miguu imekazana na kupishana kama mkasi, kichwa kimevutwa nyuma. Macho yake yalinipokea kabla sijasema neno.

"Pole, mwalimu," mama yake akaanza. "Nimemwambia asipige kelele ukifundisha."

"Mama Kimani, hizo si kelele. Amejibu hesabu ambayo darasa la nne limeshindwa."

Akaweka kisu chini. Nilitegemea ashangae. Aliniuliza polepole, "Zote amejibu?" Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau: "Mimi humwambia mambo yangu yote huyu. Nikidanganya jirani, yeye hucheka. Lakini nani angeniamini?"

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaomba mlishike. Mama anajua. Mkiingia nyumba yoyote yenye mtoto wa namna hii, kaeni chini mumuulize mama mtoto hucheka wakati gani, hukasirika kwa nini, na kitu gani hukifuata kwa macho. Mtatoka hapo na mambo ambayo mtihani wowote mtakaompa hautawaonyesha.

Baba yake alikuwa mgumu zaidi, na si kwa ubaya. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Aliniita mbele ya nyumba yake akaniambia, mlango ukiwa wazi na mtoto akiwa hatua tatu kutoka pale, "Mwalimu, huyu tumempeleka hospitali, tumempeleka kwa maombi, tumezunguka naye. Haelewi kitu. Sasa ukimfundisha halafu ashindwe, nani atakaa na mama yake akilia? Ni wewe?"

"Nitakaa naye," nikasema. Nilikuwa kijana, nilijibu haraka. Akanitazama, akasema muda wa saa moja tu kila jioni, usipite.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Kwangu mimi kujua kulikuwa kuandika. Mtoto ambaye hajashika penseli hajaanza shule. Kwa hiyo nilimpa penseli, na vidole vilipokataa kuishika, nikaifunga kwa kitambaa katika mkono wake wa kulia. Kadiri alivyojaribu, ndivyo mkono ulivyokaza na kuruka. Karatasi zilichanika. Nilimwambia ajikaze, tena kwa upole, nikijiona mwalimu mwenye subira. Kwa miezi miwili alilia karibu kila jioni, nami nikamsifu kwa ushujaa. Kati ya kidole gumba na cha shahada kulitokea kidonda. Nilikipaka mafuta, nikahamisha kitambaa kidogo, nikaendelea.

Mpangaji mmoja aliyefanya kibarua cha ujenzi ndiye aliyeniambia juu ya Fundi Owino, huko Kibera karibu na reli, aliyetengeneza magongo na viti vya watu wasiotembea. Jumamosi tukaazima mkokoteni, tukatandika lile godoro, tukamlaza Nyambura juu yake. Mama yake alisukuma, mimi nikavuta. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka Ngong Road. Kila gurudumu lilipoingia shimoni alicheka mpaka akakohoa, na mama yake, aliyeanza safari amejifunika leso usoni asijulikane, alipofika Kibera alikuwa ameitupa leso begani na anacheka pia.

Fundi Owino alikuwa na mguu mmoja mwembamba uliopatwa na polio utotoni. Alitembea kwa gongo alilojichongea. Nikaanza kumweleza: kiti kiwe na mgongo wima, meza mbele, mikanda hapa na hapa. Nilikuwa hata nimechora. Aliacha nimalize, akatupa gongo kando, akaketi chini kabisa kwenye vumbi la mbao, uso wake ukalingana na wa mtoto.

"Nimekusikia, mwalimu. Sasa wacha mwenyewe aseme."

"Hasemi, Fundi."

"Umemuuliza?"

Akamgeukia. "Nyambura, hii mgongo ya kiti tuisimamishe wima, ama ilale nyuma kidogo? Kama ni wima, angalia juu kwa mabati. Kama ni kulala kidogo, angalia mkono yangu hii." Akangoja. Nilitaka kurudia swali kwa Kiswahili chepesi zaidi, akaniinulia kidole. Muda ukapita. Kisha macho ya Nyambura yakashuka, polepole, yakatua kwenye kiganja cha fundi.

"Sawa. Kidogo ilale. Sasa miguu."

Alimuuliza maswali mengi. Nilisimama pale na mchoro wangu. Alipofika kwenye mikono akaona kidonda.

"Nani alifanya hii?"

"Mimi. Nilikuwa namfundisha kuandika."

Hakunigombeza. Alikipapasa pembeni kwa kidole gumba. "Mimi nikiwa mtoto walinifunga mguu na mbao, ndio nitembee kama wengine. Miaka mbili. Ingekuwa hiyo miaka mbili walinipa gongo, saa hiyo ningekuwa nimefika mbali." Kisha akasema, "Tafuta ni sehemu gani ya mwili inamsikia. Ukiipata, fundisha hiyo. Zingine wacha zipumzike."

Tulitafuta pale pale, na tukaipata: ngumi ya kushoto. Iliruka kidogo, lakini mwishowe ilitua alipotaka.

Kile kiti kilikuwa cha mbao za masanduku, na bado nakumbuka kila sehemu yake, kwa sababu vipimo vyake nimevitumia kwa watoto wengi baadaye. Mgongo ulilala kidogo. Kiti chenyewe kiliinuka mbele, ili makalio yasiteleze. Kati ya magoti palikuwa na kigingi kilichovikwa blanketi, kuzuia ile miguu kupishana. Na chini, ubao wa kukanyagia. Huo ubao msiusahau kamwe. Mtoto ambaye nyayo zake zinaning'inia hewani hutumia nguvu zake zote kuogopa kuanguka, hana nguvu ya kufikiri. Siku Nyambura alipoketi humo kwa mara ya kwanza, kichwa kilitulia chenyewe, na hata uji ukaanza kushuka bila kumpalia. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akilishwa kichwa kikiwa kimelala nyuma, kama tunavyomnywesha ndama dawa. Kidevu kishuke kidogo, kijiko kije kutoka chini, halafu ngojeni ameze. Ni hivyo tu.

Juu ya meza ya kiti tukaweka kibao cha herufi. Mara ya kwanza niliandika silabi, ba be bi bo bu, kama tulivyofundisha shuleni. Zilikuwa nyingi na ndogo mno, ngumi yake ilifunika nne kwa mpigo. Nikafuta, nikaandika herufi kubwa moja moja, kuanzia A juu kushoto. Fundi alipokuja kukaza misumari alimtazama Nyambura akihangaika, akaniuliza, "Hiyo A mbona umeiweka mbali hivyo na unaitumia kila saa?" Nikahamisha irabu zote tano zikakaa karibu na ngumi. Kusoma alijifunza kwa miezi sita. Sehemu kubwa alikuwa anaijua. Alikuwa ameitazama kwenye ubao wangu kupitia mwanya wa ukuta.

Jumapili moja baba yake alikuja kutazama, bado amevaa koti la kanisani. Alisimama na kofia mkononi. Nikamwambia Nyambura, "Mwambie baba neno lolote unalotaka."

Ngumi ikaanza safari. N. I. L. I. Mama yake alikuwa akizisoma kwa kunong'ona. S. I. K. I. A.

"Nilisikia," mama akasema.

"Ulisikia nini?" Baba Kimani akauliza.

Nyambura hakuongeza herufi hata moja. Alimtazama tu. Niliona uso wa mzee ukibadilika kadiri alivyokuwa akikumbuka, mwaka baada ya mwaka, mambo yote aliyowahi kusema mbele ya yule mtoto akidhani ni sawa na kusema mbele ya kiti. Akatoka nje. Alisimama kando ya pipa la maji, mgongo kwetu, muda mrefu. Asubuhi iliyofuata, nikiwa nafunga viatu, alikuwa mlangoni kwangu.

"Shule tunaenda lini?"

Hedimasta wetu, ambaye sitamtaja kwa kuwa watoto wake wako hai, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na madarasa yaliyofurika na paa linalovuja. Alisema shule yake haina nafasi ya kilema. Neno hilo tulilitumia bila haya siku zile. Niliporudi mara ya tatu akakubali kumpima mtoto mbele ya wazazi wawili wa kamati.

Tuliingia ofisini, mimi na Baba Kimani tumebeba kiti na mtu wake. Na mimi, kwa hofu, nikafanya kosa lingine. Hedimasta aliuliza jina la mji mkuu wa nchi. Ngumi ilipotua N, nikasema, "Nairobi." Akauliza swali la pili, herufi mbili tu zikatoka, nikamalizia. Nilidhani namsaidia asichoke.

"Mwalimu," hedimasta akasema, "mimi naona mtoto mmoja na mwalimu mmoja, na anayejibu ni mwalimu."

Nyambura akapiga kibao kwa ngumi, paa! Hakuwa akimpinga hedimasta. Alikuwa amenikasirikia mimi. Nilijua mara moja, na nikajua ana haki. Kumalizia mtoto neno lake ni kumnyang'anya kitu alichokwisha kukifanyia kazi. Nimewaona wengi wenu mkifanya hivyo kwa moyo mwema. Acheni.

"Toka nje," hedimasta akaniambia. "Baba abaki."

Nilisimama mlangoni nikiwa nimewapa mgongo. Nilijua kinachokuja. Nyambura akiogopa mwili wote hukaza, na mwili ukikaza ngumi haiendi popote. Kwa muda hakukuwa na kitu isipokuwa hedimasta akigonga kalamu mezani. Kisha nikasikia sauti ya Baba Kimani, ya chini kabisa.

"Mpe muda, bwana. Yeye hufika."

Hedimasta akauliza, "Haya, mtoto. Niambie, unataka nini hapa shuleni?"

Halafu hedimasta mwenyewe akaanza kusoma herufi kwa sauti, kama mtu anayesoma imla. "M." Nikafikiri ni *masomo*. "K." Sikuelewa. "O." Nikaanza kushuku. "J..."

Hakuisoma ya mwisho. Mmoja wa wazazi wa kamati alishindwa kujizuia akacheka, na nyuma yake nikasikia kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu nipange pale: Baba Kimani alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Mwalimu! Rudi ndani upesi," hedimasta akaita. "Mtoto anataka mkojo."

Tukambeba mbio mimi na baba yake. Choo cha shule kilikuwa cha shimo, mlango mwembamba, hakuna pa kushika. Tulimshikilia huku na huku kwa taabu kubwa. Tuliporudi, hedimasta alikuwa anatazama kile kibao. Akaniuliza swali moja tu.

"Sasa, choo chetu atakitumiaje kila siku?"

Nikajua amekubali. Hakuna mtu anayehangaikia choo cha mtoto asiyemkubali shuleni. Na tena, nani angemfundisha mtoto neno lile akalitoe mbele ya hedimasta? Fundi Owino alitengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, baba akapanua mlango kwa mikono yake mwenyewe, na Jumatatu Nyambura alikuwa mbele ya darasa langu.

Nisiwapake asali midomoni. Mtihani wa darasa la saba alipewa muda ule ule wa watoto wengine. Alifika katikati ya karatasi, kengele ikalia. Tulirudia mwaka, baba yake akashinda kwenye viti vya ofisi za elimu mpaka akaandikiwa barua ya muda wa ziada, naye akapita. Shule ya sekondari ya kumpokea na kiti chake hatukuipata. Tuliandika barua, tukaenda wenyewe, tukakataliwa kwa adabu na bila adabu. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndiyo sababu mkiniambia kitu fulani hakiwezekani katika shule zenu, huwa nawauliza mmeenda mara ngapi.

Wakati huo kina mama walikuwa wameanza kuja. Kutoka Kawangware na wengine Kibera, wakiwa na watoto migongoni, watoto wakubwa ambao majirani hawakujua wapo. Baba Kimani alivunja ukuta kati ya vyumba viwili akatupatia ukumbi wa jioni. Nyambura, alipomaliza shule, akawa mwalimu mwenzangu. Nasema mwalimu, simaanishi msaidizi.

Mwaka mmoja aliletwa msichana mdogo aitwaye Akoth, ambaye macho yake hayakutulia popote. Nilimjaribu kwa picha, kwa sauti, kwa kijiko cha sukari. Wiki tatu. Wakati huo nilikuwa mzoefu, watu wananiita mtaalamu, na nilikuwa nimeanza kujisikia hivyo. Jioni ya Ijumaa nilimvuta mama yake kando nikamwambia polepole, kwa yale maneno mazuri tunayotumia, kwamba kuna watoto wa kufundishwa na kuna watoto wa kupendwa tu.

Nyuma yangu kikasikika kishindo cha ngumi kwenye mbao. Nikageuka. Nyambura alikuwa ameshaanza. N. G. O. J. A.

"Nimengoja wiki tatu, Nyambura."

Akarudia, kuanzia mwanzo, herufi zote tano.

Nikarudi nikaketi chini mbele ya Akoth. Nikamuuliza kama anataka mama amshike. Kama ni ndiyo, afumbe macho. Nikahesabu moyoni mpaka ishirini, kiasi nilichozoea kungoja, na nilipofika ishirini nikataka kuinuka. Nyambura alikuwa ananitazama. Nikaendelea kuhesabu. Thelathini. Hamsini. Chai ya mama mmoja ilikuwa jikoni, nikaisikia ikichemka na kuepuliwa. Nilishapoteza hesabu wakati kope za Akoth ziliposhuka, zikafunga kabisa, zikabaki zimefungwa.

Mama yake akamnyanyua.